Fimbo ya Ethi

Jiko la umeme la dada yangu Dorotea lilipandishwa Igogo mlimani na wanaume wanne. Barabara inaishia chini, kwenye mashine ya kusaga, na kutoka pale ni ngazi za mawe mpaka mlangoni kwake. Walilibeba kwa kamba na miti kama jeneza, wakipumzika kila penye kivuli, na mmoja akataka kujua kama ndani ya boksi kuna jiko au kuna ng'ombe. Lilikuwa jipya, plati nne juu na oveni chini. Selina, binti wa Dorotea aliyeolewa Geita, ndiye aliyelituma, akaahidi kwamba na umeme wa kupikia atakuwa anautuma mwenyewe kwa simu.

Dorotea ananipita miaka kumi na mmoja. Amekaanga samaki kwa kuni tangu kabla sijaoa, na mapafu yake yamekwisha. Mwezi wa tatu daktari alimwonyesha picha ya kifua, akamwambia kwamba akiendelea na moshi hatamaliza mwaka, na kwamba moyo nao umeanza kuchoka. Biashara ya samaki akaiacha. Kupika hakuweza kuacha, maana anaishi na mama mkwe wake, bibi Odeta, ambaye ana jicho moja linaloona na hana meno, kwa hiyo kila anachokula lazima kichemke mpaka kilainike. Gesi walikuwa nayo, mtungi mdogo, unaisha katikati ya mwezi, nusu iliyobaki wanarudi kwenye mkaa.

Mimi ni fundi umeme. Nikaambiwa niunganishe jiko ili mkaa utoke ndani ya ile nyumba. Hiyo ndiyo kazi niliyopewa na sikuwahi kupewa kazi nyingine iliyo wazi kama hiyo.

Nilianza na waya. Nyuma ya jiko kuna kibati kimeandikwa wati elfu sita na mia tano. Ukigawanya kwa volti mia mbili thelathini unapata ampea ishirini na nane na kidogo. Ni kweli plati zote na oveni haziwaki pamoja kila siku, lakini Krismasi zitawaka, na waya haujui sikukuu. Waya wa soketi, ule wa mili mbili na nusu, utajioka ndani ya ukuta. Jiko la namna ile linataka waya wa mili sita, laini yake peke yake kutoka kwenye boksi la breka, isiyogawana na taa wala friji, na breka yake ya thelathini na mbili. Watu hapa mjini wanafanya kinyume. Wanaweka waya mwembamba, breka ikikata wanaweka kubwa kidogo, ikikata tena wanaweka kubwa zaidi, mpaka siku isipokata wanashukuru. Kazi ya breka ni kulinda waya. Ukiweka breka kubwa kuliko waya umeweka pambo.

Waya nilinunua mjini kwa Sada, ambaye nimemzoea kwa sababu hakasiriki ukimkagulia bidhaa. Kuna waya umeandikwa mili sita na ndani ni mili nne, na kuna mwingine ni bati jeupe limepakwa rangi ya shaba. Nilimenya ncha, nikakwangua kwa kisu, nikahesabu nyuzi, nikapima roli mkononi. Sada akanitazama muda mrefu.

"Fundi Shigela, hata mkeo hukumchagua hivyo," akasema.

"Mke wangu hashiki moto," nikamjibu.

"Muulize mwenyewe kama hashiki."

Wateja wakacheka. Nikachukua waya, breka, swichi kubwa ya jiko ya ukutani, na swichi ya uvujaji, ile inayokata umeme ukianza kuvuja, yenye kitufe cha kujaribia. Hiyo ndiyo inayomlinda mtu. Breka ya kawaida inaweza kukuangalia ukifa na isikate, kwa sababu umeme unaomwua mtu ni mdogo sana kwake.

Kazi nilifanya siku mbili. Nilipitisha waya kwenye paipu, nikakaza kila skrubu, nikarudia kukaza. Dorotea alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni akinitazama, na kila baada ya maneno matatu anasimama kuvuta pumzi. Alikuwa ameshaomba kwa mtu sufuria tatu zenye kitako bapa. Bibi Odeta alipapasa jiko lote kwa mikono, akauliza mkaa unaingilia wapi.

Ikabaki ethi.

Ethi ni waya wa kijani na njano unaotoka kwenye mwili wa jiko mpaka kwenye fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini. Jiko likiwa jipya halina neno. Lakini kila jiko la umeme siku moja maji hupenya yasipotakiwa, au koili inapasuka, na mwili wote wa bati unakuwa na moto, yaani umeme. Kama ethi ipo, moto unakimbilia ardhini, swichi ya uvujaji inakata, unasikia tu mlio. Kama ethi haipo, moto unakaa pale kwenye bati unamsubiri mtu. Swichi ya uvujaji itakata, ndiyo, lakini baada ya mtu kushika. Mwenye afya ataruka na kutukana. Mwenye moyo uliochoka, sijui.

Fimbo ya ethi ina urefu wa futi nne na inatakiwa iingie yote. Igogo mlimani hakuna futi nne za ardhi. Kuna jabali, na juu ya jabali kuna udongo unaofika kwenye kiwiko, na kiangazi udongo wenyewe unakauka kama unga. Kwa hiyo sisi mafundi wa milimani tulikuwa na desturi yetu. Ulikuwa unapiga fimbo mpaka inagoma, kisha unaitoa, unaikata katikati kwa msumeno, nusu unaipigilia kwa huyu ikiwa kichwa kiko nje, nusu unaipeleka kwa mteja anayefuata. Mkaguzi akija anaona kichwa cha shaba na waya umefungwa vizuri, anaandika ipo. Sikuianzisha mimi. Lakini nimekata fimbo nyingi, na ya dada yangu niliikata miaka kumi na tano iliyopita, wakati nyumba yake ilikuwa na taa nne na redio, na nikajiambia kwamba taa nne na redio haziui mtu.

Nilipima kwa balbu. Si njia ya vitabuni ila ndiyo niliyofundishwa. Unachukua balbu ya wati mia, waya mmoja unaushika kwenye moto kabla ya swichi ya uvujaji, wa pili kwenye ethi. Ethi ikiwa nzuri balbu inawaka kama ya sebuleni. Balbu ile ilitoa wekundu mdogo, ikanionyesha uzi wake tu, na kiangazi kikikolea usingebaki hata huo wekundu.

Nilizunguka nyumba na mtaimbo siku nzima. Nilichimba mahali saba. Mahali pa kina kuliko pote nilifika kwenye goti, kisha mtaimbo ukalia kwenye jiwe na mikono ikafa ganzi. Wenye mashine ya kutoboa mawe nikawauliza, wakaniambia mashine haipandi ngazi zile. Bomba la maji siku hizi ni la plastiki. Kuteremsha waya wa shaba mpaka barabarani kupitia nyumba za watu tisa hakuna maana, ungekatwa na kuuzwa chakavu kabla ya Jumapili.

Dorotea ndiye aliyefikiria kwa mzee Mayala.

Mayala ni jirani wa chini yake, mstaafu wa kiwanda kimoja cha Nyakato. Nyuma ya nyumba yake, kati ya majabali mawili makubwa, kuna udongo mwekundu wenye kina, na watu wote wanajua una kina kwa sababu baba yake amezikwa pale, na watoto wachanga wawili. Palipochimbwa kaburi fimbo itaingia. Kutoka pale mpaka jikoni kwa Dorotea ni kama hatua thelathini, ukipita uani kwa watu wawili tu wanaojuana.

Tulishuka pamoja. Nilimwambia abaki, akakataa, akasema ombi kama lile haliendi bila mwenye shida. Ngazi ni kumi na nane. Alipumzika mara nne.

"Shikamoo mzee," nikamsalimia Mayala.

"Marahaba, fundi. Umekuja na dada yako, basi kuna kesi."

Nikamweleza yote, jiko, kifua, jabali. Alisikiliza huku ameshika kikombe cha chai bila kunywa. Nilipotaja mahali ninapopahitaji akakiweka chini.

"Unataka kupiga chuma kwenye kaburi la baba yangu."

"Pembeni, mzee. Hatua moja."

"Hatua moja kutoka kichwani au kutoka miguuni?"

Nikasema atakapochagua yeye. Aligeuka kutazama nyuma ya nyumba. Baadaye alisema ana ndugu wawili Magu ambao lazima awaulize, kwamba baba hakuwa wake peke yake, na kwamba huenda wakaelewa, maana Dorotea alipika siku tatu kwenye msiba wa mke wake na hakuna aliyesahau. Alizungumza taratibu, kama mtu anayejishawishi mwenyewe, na nikaona anaelekea kukubali. Kisha uso wake ukachangamka.

"Lakini kwa nini tuwasumbue waliolala? Fimbo yangu si ile pale ukutani? Uliipiga mwenyewe. Vuta waya kutoka kwangu, unganisha, umalize leo. Sitaki hata soda."

Dorotea alimshika mzee mikono yote miwili. "Wabeja sana," akamshukuru kwa Kisukuma, "wabeja sana," na kikohozi kikamkata.

Ningeweza kunyamaza. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Ningevuta waya wa kijani na njano hatua thelathini, ningeufunga kwenye kichwa cha ile fimbo, Mayala angejisikia ametenda wema na dada yangu angepanda ngazi zake akiwa na furaha. Kwa macho kila kitu kingekuwa sawa. Lakini fimbo ya Mayala niliipiga siku ile ile niliyopiga ya Dorotea, mzee akiwa kazini Nyakato, na alikuwa amelipia nzima.

"Mzee," nikasema, "hiyo fimbo ni nusu. Nusu yake iko kwa dada."

Hakuelewa. Nikarudia. Akainuka, akaenda pale ukutani, akainama, akaishika kwa mkono mmoja na kuvuta. Haikumpa kazi. Ilitoka na kuacha tundu dogo, vumbi kavu likamwagika pembeni. Aliilaza kwenye mkono wake. Ilianzia juu kidogo ya kiwiko ikaishia kwenye ncha za vidole. Mwisho wake ulikuwa bado na alama za msumeno.

"Friji," akasema. Alikuwa anaongea na ile fimbo, siyo na mimi. "Marehemu alikuwa anapigwa shoti na friji. Nikakuita. Ulisema nini?"

"Nilisema avae ndala."

"Ulisema avae ndala. Akavaa ndala ndani ya nyumba yake mwenyewe miaka yote ile. Na mimi nikawa namcheka kwamba anaogopa friji."

Mke wake alikufa kwa sukari, friji haihusiki, na wote watatu tulijua hivyo. Haikusaidia kitu. Nilimwambia nitamletea fimbo nzima mpya na kuipiga popote anapotaka, kwa mikono yangu, bure. Nikamwambia dada yangu hana kosa.

"Nilikuwa nimeshakubali moyoni," akasema. "Hao wa Magu ningewamaliza mwenyewe. Sasa chuma chako hakitamkaribia baba yangu. Mpeleke dada yako nyumbani, fundi, jua linamuumiza."

Dorotea alitangulia kwenye ngazi. Alikuwa anapanda moja anasimama, moja anasimama. Nilitaka kumshika mkono, akauvuta. Alipofika mlangoni ndipo aliponiuliza.

"Kwa hiyo na yangu ulikata?"

"Nilikata."

"Mimi ni dada yako, Shigela."

Nikamwambia najua.

Habari ilipanda mlima haraka kuliko mtu. Jioni ile na kesho yake watu walikuwa wanainama kwenye kuta za nyumba zao na kuvuta. Nilipita pale kuchukua vifaa vyangu nikawaona. Zilitoka karibu zote, nyingine za urefu wa mkono, nyingine fupi zaidi, na siyo zangu tu, ila mimi ndiye niliyekuwa nimesema. Walikuwa wakionyeshana, mmoja anacheka, mwingine ananitukana kwa Kisukuma ili nisiseme sijaelewa. Halafu, walipomaliza kunitukana, walizirudisha kwenye matundu yake na kuzikandamiza kwa kisigino. Wangefanya nini? Jiwe lilikuwa bado ni jiwe.

Kwa Mayala nilirudi mara tatu. Mara ya pili nilikwenda na Josephat, mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisani, mtu anayeheshimiwa. Mayala alitukaribisha, akatupa chai, akaongea na Josephat habari za mahindi na za paroko mpya. Mimi hakuniangalia. Mara ya tatu hakufungua mlango, ingawa redio ilikuwa inasikika ndani. Selina alipiga simu kutoka Geita akalia. Mume wake akachukua simu akaniuliza, kwa adabu ya mkwe, kama ninachosema ni kwamba jiko haliwezi kuwashwa au ni kwamba mimi sitaki kuliwasha. Nikamwambia ni yote mawili.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja Kiseke kung'oa hita ya maji baada ya mazishi. Mama wa nyumba ile alikuwa mzima kabisa alipoingia kuoga. Hita haikuwa kazi yangu, lakini nilipofuata waya wa ethi nje nilikuta kipande cha fimbo, nikajua ni kwa nini. Kwa hiyo nilizima breka ya jiko la Dorotea, nikachomoa waya zake, nikaondoka. Akarudi kwenye mkaa. Alikuwa anapikia nje ukutani na kujifunika pua kwa khanga, lakini upepo wa ziwani mchana unapanda mlima na kuurudisha moshi wote ndani.

Mwezi wa saba walimbeba kwenye kiti kushuka zile ngazi. Alikaa wodini siku tisa na mpira wa oksijeni puani. Nilikuwa nakwenda kila siku, nakaa, hatuongei sana. Siku ya sita alinong'ona kwamba hewa ya kwenye mpira haina harufu ya kitu chochote, na kwamba alikuwa amesahau hewa ikoje. Daktari alipomruhusu alirudia yale yale ya moshi, safari hii bila kutaja mwaka. Alitaja miezi.

Nilikwenda kumwona wiki moja baada ya kurudi nyumbani. Nikamkuta amesimama mbele ya jiko na plati mbili zinawaka. Jikoni hapakuwa na moshi. Ukuta ulikuwa umesuguliwa masizi. Alivaa ndala za mpira na chini ya miguu kulikuwa na kipande cha ubao.

Alikuwa amemwita Yassin, fundi wa sokoni. Siwezi kumlaumu Yassin. Alitumia waya wangu na breka yangu, alizirudisha sawasawa, swichi ya uvujaji aliiacha mahali pake. Ule waya wa kijani na njano aliukunja na kuufunga nailoni nyeusi, kwa kuwa nusu fimbo kwenye vumbi si mahali pa kuupeleka. Alimweleza dada yangu yote, na dada akamwambia afunge hivyo hivyo. Nilitoa bisibisi yangu ya kupimia, nikagusa mwili wa jiko. Kitaa chake hakikuwaka. Siku hiyo.

Nikaenda kwenye boksi nikazima breka.

"Washa," Dorotea akasema.

"Dada, hili jiko siku moja litakuua."

"Moshi unaniua kila siku. Washa, maharage yanapoa."

Nilibaki nimeshika boksi. Alikuwa amesema sentensi mbili nzima bila kusimama katikati, na kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka polepole, kama cha mtu wa kawaida. Nilimwambia swichi ya uvujaji huenda ikawahi. Akaniuliza kama huenda ni ndiyo. Nikasema siyo ndiyo.

"Basi washa."

Nikawasha.

Sikurudi kazini mchana ule. Nilipanua ule ubao ufike pande zote za jiko. Nilimwonyesha kushika kifuniko kwa mkono mmoja na mwingine kuuweka mgongoni, kufuta jiko likiwa limezimwa tu, kubonyeza kitufe cha kujaribia kila Jumatatu. Alikubali kila kitu haraka haraka, kama mtu anayemsindikiza mgeni. Kisha nilikwenda kwa bibi Odeta, kwa sababu siku nzima ndani ya ile nyumba wapo wawili tu. Nilimweleza kwamba Dorotea akiganda kwenye jiko au akianguka pale, asimguse, hata akimwita. Kwanza azime. Nikachonga fimbo ya ufagio, kavu, nikaitundika chini ya boksi, na breka ya jiko nikaipaka rangi nyekundu ya kucha aliyonipa jirani.

Bibi akauliza akizima ndipo amguse.

"Ndiyo, bibi. Ukishazima."

"Na kama ameshakufa?"

"Uzime tu."

Tukafanya mazoezi. Dorotea alikuwa anapakua chakula, hakugeuka. Bibi aliinua fimbo kwa mikono miwili, ikatetemeka hewani, ikagonga ukuta. Akajaribu tena ikateleza juu ya boksi. Mara ya tatu alisogea karibu, akaelekeza jicho lake zima kwenye boksi, akasukuma kwa nguvu zake zote, na taa ya sebuleni ikazimika. Jiko likaendelea kuwaka.

Nikairudisha taa, nikamsogezea kigoda, nikamwambia tuanze upya.